Daftari la maswali: shajara ya mradi wa maktaba ya hospitali

Februari

Mganga Mfawidhi ameridhia. Chumba cha maktaba kinabaki maktaba, hakigeuzwi stoo ya vifaa, kwa sharti kwamba kufikia mwisho wa mwaka nionyeshe kinatumiwa na watu wa wodini, si wanafunzi wa chuo wanaokuja kuchaji simu peke yao. Mimi sina ugomvi na wanaochaji simu. Baadhi yao huishia kusoma.

Nimeanzia kwenye rafu. Vitabu vingi ni vya msaada, na huko stoo limeibuka sanduku la chuma la rangi ya bluu, bado na vitabu vyake. Wakutubi wa rika langu wanayajua haya masanduku. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kuyasambaza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hospitali za wilaya barani Afrika, kila moja likiwa na vitabu zaidi ya 100 vya kazi: upasuaji, maabara, dawa, afya ya mama na mtoto. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la busara sana. Sanduku halidai umeme wala mtandao. Tatizo ni kwamba kitabu kikishapigwa chapa kimekwisha kusema, na tiba inaendelea kusonga.

Malaria kali kwa mtoto inatosha kuonyesha ninachosema. Vitabu vya sanduku vinasema kwinini. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la AQUAMAT: watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, vituo vya Korogwe na Muheza vikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Kwinini ikapoteza nafasi yake ya kwanza. Halafu mwaka 2015 WHO ikapandisha dozi ya atesuneti kwa watoto wa chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 kwa kilo hadi miligramu 3. Kwa mtoto wa kilo 12 ni tofauti ya miligramu 28.8 na miligramu 36. Ndiyo kusema kitabu cha mwaka 2012 kimepatia dawa na kimekosea dozi, na hicho nakiogopa kuliko cha 1985. Cha 1985 mtu anakitilia shaka akiona jalada tu. Cha 2012 bado kinang'aa.

Nimebandika karatasi nyekundu kwenye kila kitabu cha tiba kilichopitwa: HISTORIA, USICHUKUE DOZI HUMU. Vya anatomia nimeviacha kwa amani. Mfupa wa paja uko palepale.

Machi

Usajili wa Hinari, mpango wa kusoma majarida ya tiba mtandaoni, umekamilika, na watu kadhaa wameniuliza kama ni kweli ni bure. Ni kweli. Mpango huu ulianzishwa na WHO pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, na leo uko chini ya mwavuli wa Research4Life. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, hazilipi kitu. Kuna kundi jingine la nchi linalochangia ada kwa mwaka. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi: hospitali, chuo cha uuguzi, kituo cha utafiti. Taasisi inapewa jina la mtumiaji na nywila moja, na anayevitunza kwa kawaida ni mkutubi.

Hapo ndipo panapoanza maneno. Siku ya kwanza tu nimeombwa nywila niitundike kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wote, ambamo wamo waliohama kituo zamani na ndugu zao wawili watatu. Nimekataa. Mkataba unasema ni kwa watumishi na wanafunzi wa taasisi hii, na mtu mmoja akikaa usiku kucha anashusha matoleo mazima ya jarida, mchapishaji anaweza kutufungia wote. Atakayetaka aje, nitamwingizia mwenyewe kwenye simu yake, itachukua dakika mbili. Tena katika hizo dakika mbili napata nafasi ya kumuuliza anatafuta nini.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukiingia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, moja kwa moja kupitia Google utaona muhtasari, kisha utakutana na mlango wa kulipia dola 30 au 40. Ukiingia kwanza kwenye lango la Research4Life, halafu ukabonyeza PubMed ukiwa mle ndani, makala hiyo hiyo inakuja na kitufe cha kukupeleka kwenye maandishi kamili. Si makala zote, maana si kila mchapishaji anaifungulia kila nchi. Ila kuna daktari hapa aliyekuwa akilipia makala kutoka mfukoni kwake, na leo ameipata ya tano bure. Sikumuuliza zile nne zilimgharimu kiasi gani.

Aprili

Watu hawaji maktaba, basi nimeamua maktaba iende kwao. Nimenunua madaftari makubwa ya karatasi ngumu na kuyafunga kwa kamba, moja wodi ya watoto, jingine leba. Kila ukurasa una mistari mitatu: swali, aliyeuliza, jibu linahitajika lini. Mtu anaandika akiwa zamu, mimi napita asubuhi baada ya ripoti, najibu ndani ya siku mbili. Likiwa la dharura wananipigia.

Maswali ya mwanzo yalikuwa hayatafutiki. "Selimundu." Basi. "Dawa mpya za presha." Nikarudi wodini na kuuliza: mgonjwa wako ni nani, unataka kumfanyia nini, unalinganisha na nini, unatarajia kitokee nini? Wenye kufundisha utafiti wana jina la kifupi kwa vipande hivyo vinne, PICO. Mimi sijalitaja. Nimechora visanduku vinne juu ya kila ukurasa na kuandika: NANI, NIFANYE NINI, BADALA YA NINI, ILI IWEJE.

Lile la selimundu baada ya kupita kwenye visanduku likawa hivi: mtoto wa miaka sita mwenye selimundu anayelazwa mara kwa mara kwa maumivu, nimpe hydroxyurea, badala ya kuendelea na asidi ya foliki na dawa ya kuzuia malaria peke yake, ili maumivu na malaria vipungue bila kumdhuru. Hapo jibu lipo, na limetoka kwa majirani: jaribio la REACH, lililochapishwa mwaka 2019 kwenye New England Journal of Medicine, lilifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Hofu ya siku nyingi ilikuwa kwamba dawa hii itawafanya watoto wa maeneo ya malaria waugue zaidi. Ikaonekana kinyume chake, matukio ya maumivu yakapungua, malaria ikapungua, mahitaji ya damu yakapungua na vifo vikapungua. Daktari aliyeuliza alisoma akiwa amesimama, akaondoka na nakala. Mfamasia ndiye aliyeuliza la maana zaidi: kipimo cha damu cha kumfuatilia mtoto tutakifanya kila baada ya muda gani, na nani atalipa? Hilo halimo kwenye makala yoyote. Nimeliandika kwenye daftari hata hivyo.

Mei

Mwezi wa leba.

Mkunga mkuu wa zamu, mama mtu mzima ambaye nusu ya mji huu umezaliwa mikononi mwake, aliandika: "Hii mifuko ya plastiki ya kupimia damu inasaidia au ni mradi tu?" Nilipenda swali lilivyokuja wazi namna hiyo. Nikaketi na daktari wa mafunzo kwa vitendo, kijana mwepesi wa simu, tutafute pamoja.

Yeye alianza kama wengi wanavyoanza: akaandika PPH, kifupi cha wodini cha kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Yakaja maelfu. La kwanza alilolifungua lilihusu upasuaji wa bawasiri. Herufi hizo tatu wanazitumia wapasuaji wa njia ya haja kubwa kwa upasuaji wao, na watu wa moyo na mapafu walizitumia kwa shinikizo la mishipa ya mapafu. Kifupi cha wodini ni cha wodini. PubMed ina wenyeji wengi.

Akaandika kwa urefu, "postpartum haemorrhage", akaweka alama za nukuu kwa sababu aliambiwa chuoni ni vizuri. Nikamwambia aziondoe aone. Bila nukuu, PubMed yenyewe inakwenda nyuma ya pazia na kuyaoanisha maneno yako na istilahi zake rasmi, zile za MeSH ambazo maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani imekuwa ikizitunza tangu mwaka 1960. Inaleta tahajia ya Kiingereza cha Uingereza na ya Marekani pamoja, inaleta na visawe. Ukiweka nukuu umeizima huduma hiyo, unapata ulichoandika na hicho tu. Nukuu zina kazi yake, ila isiwe mazoea. Kisha tukaongeza neno la mfuko, "drape", tukaliunganisha kwa AND ya herufi kubwa, maana ndogo haisomwi kama kiunganishi. Upande wa kushoto tukachagua majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Orodha ikawa fupi ya kusomeka, na karibu na juu kabisa kulikuwa na E-MOTIVE.

Ni jaribio la mwaka 2023. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, zaidi ya wanawake 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Zilizogawanywa ni hospitali zenyewe, si mama mmoja mmoja. Nusu ziliendelea kama kawaida. Nusu zikapewa mfuko wenye alama za kipimo na utaratibu wa kufanya mambo yote kwa pamoja badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo lifuate jingine: kusugua mji wa mimba, dawa za oksitosini na tranexamic acid, dripu, kumkagua mama na kuita msaada. Damu nyingi kupita kiasi, upasuaji kwa ajili ya kutoka damu, au kifo kwa sababu hiyo, vyote vikihesabiwa pamoja, vilitokea kwa asilimia 1.6 kwenye hospitali za mfuko wenye alama, dhidi ya 4.3 kwingine.

Nikampelekea mama mkunga. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza upande wa pili walikuwa wakigundua wangapi kwa macho. Nikamwonyesha: kule kwenye mifuko yenye alama waligunduliwa asilimia 93 ya waliotokwa damu nyingi, kwingine 51. Akafunga daftari. "Mwanangu, basi kazi si ya mfuko. Kazi ni kujua mapema." Na ndivyo waandishi wenyewe walivyoandika, kwa aya ndefu zaidi. Mfuko bila ule utaratibu haukupimwa humo, kwa hiyo mtu asije akasema E-MOTIVE imethibitisha plastiki.

Juni

Tumeanza kusoma makala pamoja kila Alhamisi baada ya ripoti ya asubuhi. Chai inatolewa na uongozi. Bila chai wangekuja watatu.

Makala ya kwanza nilichagua FEAST kwa makusudi, maana nimeshawasikia watu wanaitaja vibaya. Kwenye ripoti moja daktari mdogo alisema, "FEAST ilishakataza kuwapa watoto dripu ya haraka." Wakubwa wakatikisa vichwa kukubali. Nikajua hakuna hata mmoja aliyepita muhtasari.

FEAST ilichapishwa mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine, jarida la Boston. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wote na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Makundi matatu: boluzi (dripu ya haraka) ya albumini, boluzi ya maji ya chumvi, na wasiopewa boluzi kabisa. Kila mtu, pamoja na watafiti, alitarajia boluzi iokoe. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 kwenye albumini, 10.5 kwenye maji ya chumvi, 7.3 kwa wasiopewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya kufika watoto 3,600 waliokusudiwa. Katika kila watoto kama 30 waliopewa boluzi, mmoja zaidi alifariki.

Nilipotaja kwamba kituo cha Tanzania kilikuwa Muheza, watu wakakaa wima. Ni jirani zetu. Wengine walifanya mazoezi pale. Makala ya jarida la Boston ghafla ikawa ya kwetu, na nimeona tangu siku hiyo wanauliza kwanza utafiti ulifanyika wapi. Tabia nzuri.

Kisha tukafungua sehemu ya mbinu, ile ambayo watu huiruka kwenda kwenye hitimisho. Nikamwomba sista wa wodi ya watoto asome kwa sauti ni nani walioachwa nje. Akasoma taratibu: wenye utapiamlo mkali. Wenye kuharisha na kutapika. Wenye mshtuko usiotokana na maambukizi. Kimya kidogo. Nusu ya watoto waliolazwa wodini asubuhi ile walikuwa wa kuharisha. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha bado anakwenda Mpango C wa WHO, mililita 100 kwa kilo kwa mishipa, na FEAST haina la kusema juu yake. Ni hatari pande mbili: kumjaza maji mtoto wa malaria kali mwenye wekundu wa damu uliokwisha, na kumnyima maji mtoto wa kuhara kwa sababu ya muhtasari uliosomwa kwa haraka.

Ushauri ninaoutoa sasa kwa kila anayekuja: muhtasari ni wa kuamua kama utaisoma makala, si wa kuamua tiba. Kama una dakika kumi tu, zitumie kwa walioachwa nje na jedwali la kwanza, uone kama mgonjwa wako angeruhusiwa kuingia kwenye utafiti ule.

Julai

Umeme. Bando. Umeme tena.

Nimeweka kwenye kompyuta ya maktaba Kiwix, inayofungua ensaiklopidia ya tiba bila mtandao, na miongozo ya Madaktari Wasio na Mipaka, ambayo programu yake ikishapakuliwa kwenye simu inafanya kazi popote. Mwongozo wa Taifa wa matibabu uko kwenye flashi na kwenye simu za wote wanaotaka. Huo ndio ninaowaambia waanze nao, kabla ya WHO, kabla ya mapitio ya Cochrane yanayojumlisha tafiti nyingi, kabla ya utafiti mmoja mmoja. Wapo wanaoona ni kujishusha. Lakini mwongozo wa Taifa unakwenda na orodha ya dawa muhimu, na Bohari ya Dawa inaleta kwa kufuata orodha hiyo. Ukijibu swali la zamu ya usiku kwa dawa ambayo haijawahi kuvuka geti la hospitali, umejibu swali la mtu mwingine.

Utafiti mpya unakuja pale mwongozo uko kimya, au umepitwa, au mgonjwa haendani nao. Mara nyingi ni hayo ya mwisho.

Agosti

Kwa muda sasa naletewa orodha za rejea ambazo hazipo duniani. Mwanafunzi wa stashahada alikuja na rejea kumi na nane za utafiti wake, zimepangika, zina majina ya waandishi, mwaka, juzuu, kurasa. Tukaingiza vichwa vya makala kimoja kimoja PubMed. Hakuna. Tukajaribu namba za DOI, zile za kutambulisha kila makala mtandaoni: moja ilifunguka, ikatupeleka kwenye makala ya uvuvi. Alikuwa amemwomba roboti wa mazungumzo amtafutie. Hakujua kwamba roboti anaweza kubuni rejea yenye sura ya kweli kabisa, tena kwa adabu.

Sikumzuia kumtumia roboti huyo. Anafaa kumsaidia kufikiria visawe vya kutafutia, au kumfafanulia jedwali lililomshinda. Rejea azitafute mwenyewe, aifungue kila moja, aihifadhi kwenye Zotero, ambayo ni bure na itampangia orodha bila kumzulia mtu.

Na upande wa wanaochapisha: muuguzi wetu mmoja amepokea barua pepe inayomwita profesa mheshimiwa, jarida liko tayari kuchapisha kazi yake ndani ya siku tano, atume dola mia tatu. Jina la jarida linafanana mno na la jarida la kweli. Orodha maarufu ya Beall ya majarida ya kutiliwa shaka iliondolewa mtandaoni Januari 2017 na hakuna moja iliyokubaliwa na wote badala yake, kwa hiyo tunapima wenyewe. Tunaangalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Kama ni la Afrika, tunaangalia African Journals Online, ambako kuna majarida mengi mazuri ya kwetu yasiyoonekana PubMed. Tunaangalia kama wahariri waliotajwa wanajua kwamba wametajwa. Muuguzi aliandikia mmoja wao chuoni kwake. Hakuwa na habari. Dola mia tatu zimebaki nyumbani.

Septemba

Taarifa kwa Mganga Mfawidhi imeshapelekwa. Daftari la leba limejaa, la watoto linakaribia. Kati ya maswali yaliyojibiwa, mengi jibu lake lilikuwa kwenye mwongozo wa Taifa, na hilo nimeliandika wazi ingawa halipendezeshi maktaba: watu hawakuwa wamekosa makala, walikuwa hawana mtu wa kukaa nao dakika kumi na swali lao.

Lile swali la mfamasia kuhusu kipimo cha damu kwa watoto wa hydroxyurea limezaa kitu. Yeye na daktari wa watoto wanaandika pendekezo la kufuatilia watoto wetu wenyewe kwa mwaka mmoja. Nimewapa fomu za maombi ya kibali cha maadili na kuwakumbusha kwamba kibali kinatangulia kukusanya takwimu, hata kama takwimu zenyewe ziko kwenye mafaili yetu. Mapitio ya waliotangulia nitawasaidia. Tumekubaliana kuandika tarehe ya kila utafutaji, hifadhidata iliyotumika, na maneno yaliyoandikwa kama yalivyo, ili mwingine akirudia apate kile kile.

Oktoba madaftari yanaingia maabara na wodi ya wanaume. Leba wameomba daftari jipya na meza yake. Matroni amejibu kwamba nafasi ipo kando ya jokofu la oksitosini, mradi mtu asithubutu kuliweka daftari juu ya jokofu.